Kilo Themanini na Mbili

Ramani kaichora Ambakisye kwa chaki
sakafuni mwa gereji yangu, hapa Uyole,
katikati ya madoa ya oili.
Chimala ni nati. Matamba, kizibo cha soda.
Makete tumeweka plagi iliyoungua
na Tweve kanuna: "Kwetu ndiko kwenye plagi mbovu?"
Lupingu, kule chini ziwani, mwisho wa safari,
hatujaweka kitu. Tumeweka kidole tu.

Mwezi wa tatu, anasema Sekela, maua yamejaa Kitulo.
Mwezi wa tatu, anasema Tweve, tope linakufika kwenye usukani.
Twende wa sita basi, njia imekauka.
Wa sita? Umewahi kushika klachi yenye sakitu alfajiri,
vidole unaviambia fungua, vinafunga,
na majani yote meupe kama yamemwagiwa chumvi?
Tumebishana mpaka chai ikapoa,
mpaka mvua ikapiga bati ikatunyamazisha,
kisha tukakubaliana kwa sababu ya kipuuzi:
likizo ya Sekela iko mwezi wa tatu.

Tope, basi.

Ambakisye anapandisha chaki.
Miaka sita kateremsha viazi vya Matamba usiku,
kona hamsini na saba anazijua kama mtu ajuavyo meno yake,
lile lililotoboka, lile linalouma kukiwa na baridi.
"Ya kumi na tisa msiibane. Pitieni nje.
Ya arobaini kuna maji yanakatiza, hayaonekani, yanasikika.
Ukiyasikia umeshachelewa."
Tunacheka. Yeye hacheki.

Sekela ana daftari, anaandika:
petroli, madumu mawili. Tyubu nne. Solushen. Pampu.
Spana ya kumi, ya kumi na mbili,
na ile ya kumi na nne ambayo hupotea kila ikihitajika.
Hema. Sufuria. Mchele kilo tano.
Na jiko, anasema Tweve.
Na cheni ya akiba, nasema mimi, msinicheke, mimi ndiye fundi.

Pikipiki tatu.
Sisi wanne.
Hilo halijaandikwa popote.

Ya Ambakisye iliondoka Novemba,
aliiuza asubuhi moja kwa bei ya mtu mwenye haraka,
mama yake akalazwa rufaa, akarudi anatembea.
Alichomoa kioo cha kulia tu, akabaki nacho.
Siku hizi hukinyolea ndevu.
"Mimi nitakuwa kwenye simu," anasema, anajipangusa chaki.
"Mkikwama nipigieni, nitawaelekeza."
Kitulo, simu? Kule wenye mtandao ni ng'ombe.

Tone la oili linadondoka kutoka kwenye injini ya mteja,
linatua kaskazini mwa Makete, linatanuka polepole,
ziwa jeusi mahali pasipo na ziwa.

"Una kilo ngapi?" Sekela anauliza, hajainua kichwa.
"Nani?"
"Wewe."
"Themanini na mbili. Na viatu."

Anaiandika juu kabisa, kisha anaanza kukata.
Hema: tutalala kwa shangazi yake Tweve; asipotutaka, kanisani.
Jiko, hapana. Sufuria, hapana.
Mchele: kwani Makete hawali?
Dumu moja litoke, Matamba wanauza kwenye chupa.
Cheni yangu ya akiba,
nafumba macho,
kata.
Anajumlisha, anatafuna kalamu, anajumlisha tena.
"Zimezidi kilo saba."
"Avue viatu," anasema Tweve.

Mvua imepungua. Ambakisye kainama tena,
anaizungusha chaki pembeni ya lile doa,
barabara inakwepa ziwa
ambalo dakika tano zilizopita halikuwepo.
Hatazami mtu.
"Kamba ya katani," anasema. "Mita sita.
Ya kufunga tairi kwenye tope.
Hiyo msikate."