Nyekundu Hupanda

Kwanza, Bi Hsiu-luan, sahau taa za barabarani.
Hapa kwetu Keelung, ubaoni, nyekundu ni bei iliyopanda,
kijani ni iliyoporomoka.
Mgeni huona ukuta umetapakaa damu, akatupa pole;
sisi siku hiyo twagawana keki za nanasi.

Akacheka. Akausukuma mwavuli unaochuruzika
chini ya kiti cha plastiki, namba saba,
alichokikalia mumewe miaka kumi na tisa.
Akafungua daftari la marehemu,
akatia kidole kwenye neno.

"Hisa. Hii naijua, ni kipande."
Ni kipande. Kampuni ikiwa sufuria,
wewe una vijiko vyako kadhaa vya mchuzi
na haki ya kupiga kura kuhusu chumvi.
"Wakiunguza?"
Umeungua nao.
"Wakipakua?"
Hilo huitwa gawio. Mara moja kwa mwaka, wakipenda.

"Wakipenda," akarudia, kama anayeonja.

Aliuza madonge ya samaki ghorofa ya chini miaka thelathini;
mengine hakuningoja nimfundishe.
Bei ya mnunuzi, bei ya muuzaji, na pengo katikati:
"Pengo hilo ndilo lililosomesha wanangu."
Ukwasi je?
"Donge la papa huisha kabla jua halijachomoza.
Kambakochi wa bei mbaya utamkumbatia hadi jioni.
Ni mali, ndiyo. Lakini nani ataichukua leo?"
Nikaliandika jibu nyuma ya kadi yangu.
Mtihani wa udalali niliufeli mara mbili
kwa swali hilohilo.

Fahali hurusha kwa pembe, kwenda juu.
Dubu hupiga kwa kucha, kwenda chini.
"Na zizi?"
Zizi ni moja.
"Basi sisi ndio nyasi," akasema, akafunua ukurasa.

Kuuza kwa kuazima:
unaazima kitu cha mtu, unakiuza,
unaomba kithamani chake kife,
unakinunua kwa chee, unakirudisha, chenji ni yako.
"Shemeji yangu aliazima pikipiki hivyo."
Ikawaje?
"Bei ilipanda. Hatujamwona tena."

Kisha mwandiko ukabadilika, ukawa mdogo, umebanana.
Kiwanda cha meli, mafungu kumi na mawili,
kila fungu hisa elfu, kila hisa arobaini na moja.
Tukainua macho pamoja.
Ubaoni: sita na ushei. Kijani.

"Kila jioni," akasema, "alikuwa akivua viatu mlangoni,
nikimuuliza, ananijibu: bado sijapoteza.
Ni hasara ya karatasini. Usipouza, si hasara."

Nikatazama kikokotoo changu.
Sentensi hiyo nilimuuzia mimi,
nikamwongezea na chai.

"Uza."
Kwa bei ya soko, au kwa kikomo?
"Tofauti?"
Bei ya soko: unachukua ilivyo, sasa hivi.
Kikomo: unataja bei yako, unangoja dunia ikubali.
"Huyo wa pili nimeolewa naye. Uza ilivyo."

Sekunde nne.
"Nani kanunua?"
Hatujui. Kuna mtu, mahali fulani,
aliyeutazama ubao huuhuu akaona kheri.
"Masikini," akasema. Halafu: "Au mimi ndiye masikini."
Hilo daftari halikuwa na neno lake.

Fedha?
Keshokutwa. Huitwa ulipanaji: siku mbili.
Hisa zimeshatoka mkononi, pesa hazijaingia.
"Kama kati ya kufa na kuzika," akasema,
wala hakusema kwa huzuni; alikuwa akihesabu.

Saa saba na nusu ubao ukaganda.
Hatuna kengele. Rangi tu huacha kutetemeka.
Akaokota mwavuli,
akafuta maji ya kitini kwa mkono wa koti lake,
akanidai risiti.