Fomu ya Robo ya Tatu

Beji ni mbili. Mimi naziita Kulwa na Doto.
Kulwa hukaa kwenye kola yangu, juu ya aproni ya risasi,
kuanzia saa moja na nusu mpaka mashine ipoe.
Doto hatoki. Amelala kwenye mtoto wa meza, ofisini kwa Mhoja,
pamoja na stepla na karanga za jana,
anakunywa kile tu ambacho Mwanza humpa kila mtu bure:
punje za mbinguni, pumzi ya majabali.
Nyumba yetu Igogo imeegemea jiwe kubwa kuliko kanisa.
Mama huanika dagaa juu yake,
nalo linatupiga mionzi, kidogo kidogo, tangu kabla ya ukoo.

Hazilii, haziwaki taa.
Umekosea, zimenyamaza. Umepatia, zimenyamaza.
Zinaweka tu.
Miezi mitatu ikiisha zinapanda basi la Arusha ndani ya bahasha ya kaki,
na huko, nasikia, chembe iliyomo hupashwa moto
hadi iteme nuru yote iliyoificha.
Ya Doto hutolewa kwenye ya Kulwa.
Kinachobaki ndicho changu.

Safari hii kimebaki kingi.
Si cha kutisha, barua inasema, mpaka bado uko mbali,
ila ni juu ya kawaida yako. Tafadhali eleza.
Mistari miwili mitupu.

Kulwa hajui tarehe. Kwake robo nzima ni siku moja,
vifua, nyonga, magoti ya bodaboda, vyote jumla.
Mwenye tarehe ni mimi.

Jumanne ya Agosti. Magesa, miaka minne, kutoka Ukara,
amemeza ndoano ya baba yake.
Daktari anataka picha inayotembea.
Mama ana mimba ya miezi saba, nimemfungia mlango nje.
Ndugu wengine wameachwa na feri.
Sheria naijua, ndiyo ninayowafundisha wanafunzi:
mfanyakazi hashiki mgonjwa.

Nikamshika,
mikono juu ya kichwa kama anayeogelea chali,
na kiooni, kati ya mbavu nyembamba kama za furu,
ile ndoano, nyeusi, imetulia.
Aliniuma kidole. Alama ilikaa wiki.

Mhoja anasema, andika beji ilisahaulika chumbani,
wote huandika hivyo.

Nimeandika: Nilishika mtoto.
Mstari wa pili sikuwa na la kuujazia.

Bahasha mpya imefika leo.
Doto kaingia kwenye maganda ya karanga.
Kulwa mgeni ananuka plastiki,
hajamjua mtu.