Hatua Mia Nne na Kumi na Mbili

Nimepewa fomu, kalamu, na fulana inayong'aa
yenye maandishi mgongoni nisiyoweza kuyasoma,
nikaambiwa: zunguka Majengo, nyumba hata nyumba.
Andika orofa ya chini yauza nini,
orofa ya juu yamlaza nani,
na kutoka mlangoni hadi kituo kipya cha basi
ni hatua ngapi.

Namba saba, mwaka jana, ilikuwa udongo na bati,
vyumba sita, ukumbi mmoja, choo uani.
Leo ina orofa nane na lifti inayogoma kila Ijumaa.
Chini: duka la simu, kinyozi, mbaazi kwa mahamri hadi saa tatu,
halafu meza ile ile, kitambaa kile kile, muuza miwani.
Orofa ya kwanza: chuo cha Kurani.
Ya pili hadi ya saba: watu, na kamba za nguo, na watu.
Juu kabisa, njiwa wa Twaha.
Fomu ina kisanduku kimoja tu, MATUMIZI,
chenye upana wa kidole gumba.
Naandika: mchanganyiko.
Njiwa nimewaacha nje. Hawakuulizwa.

Mhandisi Mwachiro, siku ya mafunzo,
alisema huu ndio mtindo mpya wa miji:
mtu alale juu ya duka, kazi iwe karibu, gari alisahau.
Akatuonyesha picha za miji yenye theluji.
Nami nikamkumbuka babu yangu wa Kibokoni,
aliyeuza ubani na misumari chini ya kitanda chake mwenyewe,
vumbi la boriti likidondoka kwenye mizani,
akiteremka ngazi kumi na moja kwenda kazini
kanzu bado ina joto la pasi.
Sikusema kitu.
Posho ilikuwa haijatoka.

Namba kumi na tisa: Bi Mejumaa, mshona kofia.
"Hadi kituoni," nikamsomea, "hatua mia nne na kumi na mbili."
"Hizo zako," akasema, akachomeka sindano kwenye ushungi.
"Njoo uhesabu zangu."

Tukatoka saa nne, jua limeshika njia yote.
Baraza la kwanza, kwa muuza nyama: akaketi, akapumua,
akasalimiwa na watu wanne, akalipa deni la juzi.
Baraza la pili halikuwapo.
Mahali pake kioo, na marumaru yaliyolazwa mshazari
ili mtu akikaa ateleze,
na bawabu kijana, mwenye adabu zake:
"Mama, hapa hapakaliwi."
Akapumzika wima, kiganja juu ya nguzo ya stima.
La tatu, mifuko ya saruji.
La nne, shimo.
La tano alikaa hata nikadhani amesinzia.
"Mwaka juzi," akasema, macho kayafumba,
"njia hii ilikuwa fupi."

Nikageuza fomu. Nyuma yake nikachora safu kwa mkono,
mstari umepinda kwa kuandikia gotini:
BARAZA. Zilikuwa tano. Zimebaki mbili.

Kituoni paa lipo, ramani ipo, taa ya jua ipo.
Benchi ndilo halikuletwa,
au lililetwa, likashuka kituo kingine.
Basi la kwanza likapita limejaa.
Nikalaza faili chini, faili gumu la kaunti,
lina majengo arobaini na moja ndani yake,
lifti, maduka, vinyozi, ngazi na wapangaji.
Bi Mejumaa akalikalia,
akatoa kofia, akaendelea na viua vyake
tundu baada ya tundu.

Fomu niliziwasilisha Alhamisi, zote zimekunjika.
Mhandisi akazinyoosha kwa kiganja, hazikunyooka.
"Faili hili," akauliza, "limetumika vipi?"
Mchanganyiko, nikamwambia.