Swali la Kumi na Moja

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne, saa nne asubuhi.
Nina dodoso, kalamu mbili, kitambulisho shingoni.
Bi Mwanakombo anapeta mchele, hanitazami.

Je, ungempangisha chumba
mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili?
Anacheka. "Chumba kipo, mwanangu. Majirani je?"
Fomu haina kisanduku cha majirani.
Naandika: hapana.

La tisa, chanzo cha ugonjwa.
Anahesabu kwa vidole: jini, kijicho, bangi,
kitu alichozikiwa mtu kizingitini.
Kisha, chini kwa chini: "Au kichwa tu.
Goti huuma, kichwa kina nini kisiumwe?"
Hilo nalo halina namba.

La kumi na moja nalisoma mbiombio:
katika familia yenu, yumo?

Ungo unasimama.
Nyuma ya pazia mtu anakohoa,
sahani ya bati inaburuzwa sakafuni.
"Hayumo."
Naandika hapana, kwa hati nzuri.

Fomu hii hii niliijaza Februari,
siku ya mafunzo, kule Bombo,
mwalimu akisema jibuni kweli, hakuna majina.
Nyumbani yuko Sufiani,
sindano yake ya kila mwezi,
redio anayoijibu hata ikizimwa.
Niliandika hapana.

Nafunika kalamu.
"Bi Mwanakombo, mimi nina kaka."

Pumba zinaruka, zinatua kwenye kanga yake.
"Anakula?"
"Anakula."
"Wangu hali," anasema, "mpaka nionje mimi kwanza."