Mkasi Haujui Kusoma

Kigezo kanichorea Bi Sichana wa Mtambwe,
juu ya karatasi ya mfuko wa saruji:
vipande viwili, shingo, basi.
"Hii hata asiyejua kutunga sindano ataiweza."

Kanga yangu ilisema
SIJUTII NILILOTENDA.
Mkasi haujui kusoma.
Sijutii ikenda mgongoni,
nililotenda likajikunja kwapani,
kushoto.

Bobini ilikwama mara tatu.
Pindo likaenda upogo.
Nikafumua. Nikashona. Nikafumua,
taa ikazimika, nikashona kwa vidole.

Leo nimeivaa. Pana, yaingiza upepo.
Nimeshuka nayo Wete kununua vifungo,
na haina hata tundu moja.

Kila nikinyanyua mkono
kuonesha vile vya rafu ya juu,
mwenye duka
anasoma.