Mlango wa Saba

Ghalani Kitangari, mwezi wa kumi na moja,
vumbi la korosho limekaa kwenye kope za kila mtu,
karani Chikambo alihesabu magunia yetu kwa ncha ya kalamu,
akaandika tisini na moja, akaguna.

Akajaribu mbili: ikabaki moja.
Akajaribu tatu: tisa na moja ni kumi, tatu haimo.
Nne hakuigusa, mamaye alishakataa.
Tano: mkiani hakuna sifuri, hakuna tano.
Akafunga daftari kama mtu aliyechoka kubisha hodi.
"Namba tasa hii. Haigawanyiki.
Toeni gunia moja libaki ofisini,
tuandike tisini, namba yenye watoto."
Na lile neno, tasa, alilisema
akimtazama mama mdogo Somoe.

Sote kumi na tatu tulisikia.
Esha Nampoto akatema ganda la muwa, taratibu.

Mama mdogo alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja
kwa watoto wa watu.
Hakujibu. Akaokota kijiti,
akatoboa mchanga wa mlangoni
kumi kwa kumi, vidoti mia,
kisha kwenye pembe ya chini akafuta tatu kwa tatu.

"Vimebaki vingapi?"
Karani kimya. Kijana wa mizani akasema, "Tisini na kimoja."
"Kumi toa tatu?"
"Saba."
"Kumi, na tatu?"
"Si umeshajibu, mwalimu: kumi na tatu."

Akaifuta ile mistari mitatu mifupi ya chini,
ya vidoti saba saba,
akaisimamisha ubavuni mwa wenzake,
mchanga ukawa safu saba
na kila safu kumi na tatu.

Nasi tulikuwa kumi na tatu,
na kila mmoja alileta magunia saba.
Jibu lilikuwa limesimama mbele ya karani tangu asubuhi,
limejifunga kanga, linangoja stakabadhi.

Njiani aliniambia mengine, kama anayemsengenya jirani:
ati uanze na moja, uongeze mbili, uongeze tatu,
ukifika kumi na tatu umemkuta yuleyule.
Ati muuza machungwa wa stendi akipanga
sita kwa sita, juu yake tano kwa tano,
hadi lile moja la kileleni,
meza nzima ni tisini na moja.
"Ana ukoo, kwa aliyeitwa tasa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Lakini nisikudanganye. Tasa wapo.
Tisini na saba ni tasa kwelikweli,
bisha hodi mpaka vidole viume.
Na saba ni tasa. Kumi na tatu ni tasa.
Hao wawili ndio waliomzaa yule wa leo.
Kila namba unayoiona na watoto,
ifuate nyuma, mlango kwa mlango,
utamkuta tasa amekaa ndani
na taa yake inawaka."

Akainama kukung'uta mchanga kwenye ndara,
akakaa hivyo kwa muda
kuliko mchanga ulivyohitaji.

Stakabadhi ninayo hadi leo.
Chikambo ameandika 91,
na ile moja ameikandamiza
mpaka karatasi imetoboka.