Dagaa Mkavu

Shemeji Lusangija aliponikuta na daftari
pale Mwaloni, juu ya gunia la dagaa wa Goziba,
alicheka mpaka akashika nguzo.
“Samaki mkunje angali mbichi, Kwandu.
Wewe una miaka hamsini na mbili.”

Sikumjibu. Nilikuwa natafuna neno.

Neno lenyewe lilikuwa na r ya kooni,
r ya mtu anayesukutua,
na mimi ndiye yule msichana wa Magu
aliyechapwa darasa la tatu
kwa kuandika kwamba baba amekwenda kupiga kula.
Ulimi wangu na r wana kesi ya zamani.
Sasa Kifaransa kinaniambia: si ya ulimi, mama,
ishushe, ipeleke kooni.
Nikasema afadhali. Huko sijawahi kuchapwa.

Msidhani nilitaka makuu.
Nsimire wa Bukavu ananunua kwangu mwaka wa sita huu,
na Kiswahili chake nakielewa
hata anapokikata vipande nisivyovizoea.
Ila wakifika kwenye bei, yeye na kaka yake
wanaingia Kifaransa na kufunga mlango.
Mimi nabaki nje na magunia yangu,
natabasamu kama aliyekosea msiba.
Kisha karatasi inatoka, imeandikwa hukohuko ndani,
nami natia sahihi.

Miezi minne ya kwanza nilipotea njia.
Nilikariri. Kila usiku maneno ishirini,
asubuhi yamebaki matatu, tena yasiyo na kazi:
kipepeo, mwavuli, binamu wa kike.
Nikaacha. Nikachukua kalamu ya wino mzito,
nikaandika “uzito” kwa Kifaransa kwenye mzani wenyewe,
“mchanga” kwenye chekeche,
“deni” kwenye kifuniko cha sanduku la pesa.
Nikamwomba Nsimire anitumie sauti kwa simu,
nikawa namsikiliza alfajiri nikigeuza dagaa,
korongo wamesimama kando
kama wasimamizi wa mtihani.

Kitabu nilichonunua kilidai sabini ni sitini-na-kumi.
Nsimire anasema septanti.
Nikachagua kinywa chenye pesa.

Na nimekosea, tena hadharani.
Siku moja nilitangaza swasanti, moyoni nina septanti.
Kila gunia likapungua elfu kumi,
magunia kumi na moja. Piga mwenyewe.
Wachukuzi wakacheka, nikacheka nao,
maana ada nilikuwa nimeshalipa.
Mtoto hupita bure getini kwa kuwa hana aibu.
Mtu mzima hutozwa ushuru.
Mimi risiti ninayo.

Jumanne iliyopita karatasi ikaja.
Nikaisoma polepole, kidole chini ya mstari,
vijana wakihema na mizigo kichwani.
Nikafika kwenye kineno kidogo, mwen.
Nikaweka kalamu chini.
“Hii mwen hapa, mnapunguza nini?”
Kaka mtu akamtazama Nsimire.
Nsimire akatazama ziwa.
“Unyevu,” akasema. “Kilo mbili kila gunia.”

Unyevu! Dagaa wangu,
wanaolia kama vijiti ukiwashika!
Miaka sita.

Bado tunafanya biashara. Kilo mbili zimefutwa,
na r yangu bado anaicheka.

Shemeji, jibu lako nimelipata, ingawa limechelewa.
Dagaa mkavu ukimkunja, kweli, anavunjika.
Lakini nani humkunja hivihivi?
Tunamroweka kwanza. Maji ya vuguvugu,
kikombe kimoja cha chai, maneno mawili na jirani,
ukirudi amelegea,
na nyanya anainywa kuliko huyo mbichi wako.

Jioni napanda kwangu Mabatini,
nahesabu ngazi za mawe kwa sauti ya chini
watoto wa watu wasije wakaniita mchawi.
Ya themanini nasimama kuhema.
Themanini kwao ni nne-ishirini.
Nne-ishirini! Hawa nao,
nani aliwaroga kwenye hesabu?

Mlango wangu uko kwenye nonanti na moja.
Ufunguo ninao mkononi.
Bado sijui unaitwaje.